Nguvu za Kubeba

Kivuko kilipoondoka Kigongo, Mashimba, msimamizi wa kiwanda cha samaki Nyakato, aliyesafiri na mkewe na gunia lao, alisikia nyuma yake sauti ya Odeta, mfanyakazi wake, akimsimulia abiria asiyemjua.

“Tunakata minofu ya sangara meza moja na wanaume, lakini mshahara wanatupita. Ati wao wana nguvu za kubeba mizigo!”

“Mizigo gani, dada? Si kuna toroli?”

Mashimba akashusha kofia usoni. Hoja ile aliitunga mwenyewe, na siku ile alijiona ana akili kuliko mwenye kiwanda.

“Labda wanabeba kwao,” Odeta akasema.

Kivuko kikagusa Busisi. Mashimba akaliwahi gunia lao, Odeta aone. Mkewe alikwisha kujitwika, mtoto mgongoni, akimngoja mwenye nguvu atangulie na mwavuli.