Akiba ya Kwenye Mshono

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Ngoja nisimamishe cherehani, sisikii... Haya, sema.

KARANI: Shikamoo dada. Ni mimi mdogo wako. Salio lenyewe la kuokoteza, kwa hiyo tusizunguke.

FUNDI: Marahaba. Wifi kakufikishia suruali?

KARANI: Kanifikishia, na umeniharibia! Mahafali ya binti yangu ni keshokutwa, suruali inagota mapajani. Zipu haipandi hata kwa dua.

FUNDI: Nimefuata kipimo ulicholeta.

KARANI: Basi futi yako imesinyaa.

FUNDI: Weee! Futi ya plastiki isinyae? Nani alimtuma wifi na suruali ya mwaka juzi, eti "shona kama hii"? Kwa nini hukuja mwenyewe nikupime?

KARANI: Kazi, dada. Stoo imejaa mizigo na—

FUNDI: Mizigo wanabeba wenzako. Wewe unakaa asubuhi, unanyanyuka jioni, kiti kimekuganda.

KARANI: (anacheka) Usinivunjie heshima. Mtaani wananiita Bosi. Kitambi ni cheo!

FUNDI: Cheo gani, we karani wa stoo? Bosi wako wa kweli namshonea mimi. Kiuno inchi thelathini na mbili.

KARANI: Basi ni ya ukoo. Baba si alikuwa hivi hivi?

FUNDI: Ukoo upo, sikatai. Lakini ukoo haukuagizii soda mbili kabla ya saa sita.

KARANI: Nani kasema mbili?

FUNDI: Wifi. Na kasema unakoroma, halafu kimyaa, halafu unakurupuka kama umekabwa. Mwenzio halali, anahesabu pumzi zako.

KARANI: Huyu mwanamke na mdomo wake! Na wewe dada, nyani haoni kundule. Ukikaa kwenye hilo benchi lako, mteja ana pa kukaa?

FUNDI: Langu nimeliona, nimelipima, na kadi ya kliniki nimepewa. Kilo tisini na moja, presha juu. Nesi kanieleza vizuri, wala hakunitukana. Si ulafi peke yake. Ni kukaa kutwa, ni masukari, ni usingizi mbovu, ni mawazo, ni damu ya kwetu. Vyote vinauelemea moyo mmoja. Sasa nameza dawa, na dukani nakuja kwa miguu.

KARANI: Haloo? Dada, unakatikakatika—

FUNDI: Sikatiki! Unanisikia sana.

KARANI: [mkwaruzo] Basi achia mshono. Inchi mbili tu, mambo yaishe. Si huwa unaacha kitambaa cha akiba kwa ndani?

FUNDI: Niliacha inchi nne.

KARANI: Si ndiyo hiyo sasa! Achia—

FUNDI: Nimeshaachia. Zote nne, kabla sijamkabidhi wifi. Macho ninayo, mdogo wangu. Humo ndani hakuna kilichobaki.

KARANI: Zote?

FUNDI: Zote. Na bado haipandi?

KARANI: Haipandi.

FUNDI: Mungu wangu. Sikiliza. Nenda kliniki, upimwe presha na sukari. Ukiniletea kadi nakushonea nyingine, mahafali unakwenda umependeza. Bila kadi, jifunge shuka. Aibu iliyoje! Mtoto anahitimu uuguzi, baba anawakimbia manesi!

KARANI: Nitakwenda, dada. Wiki ijayo, nikishatulia...

FUNDI: Wiki ijayo yako haina Jumatatu.

KARANI: Dada.

FUNDI: Nini?

KARANI: Na viatu.

FUNDI: Viatu vimefanya nini?

KARANI: Haviingii. Siku ya nne leo. Nikibonyeza mguu, shimo linabaki.

FUNDI: [kimya]

KARANI: Haloo? Dada?

FUNDI: Baba alianza na viatu.

KARANI: Usiseme hivyo bwana.

FUNDI: Alinipigia kama wewe hivi, tukacheka, nikamwambia avae kandambili. Naye hakutaka kupimwa. Ile suti yake ya mwisho niliishona kwa kukisia, na ilimkaa vizuri kweli. Ila hakuivaa mwenyewe. Tulimvalisha. Mimi naogopa. Nakwambia wazi, naogopa.

KARANI: ...Kliniki wanafunga saa ngapi?

FUNDI: Saa kumi. Sasa hivi ni saa nane. Toka!

KARANI: Niko kazini, bosi ata—

FUNDI: Bosi si wewe? Toka!

KARANI: Sawa, sawa! Salio linakata. Viatu nilivikanyaga visigino asubuhi, sasa haviingii kabisa, dada, nimekaa peku chini ya meza—

FUNDI: Azima kandambili za mtu! Nafunga duka, nakukuta getini kwao.

KARANI: Usije na futi lakini!

FUNDI: Naja nayo! Na ukifika usipande ngazi mbio, unanisikia? Haloo? We mdogo wangu? ...Haloo?