Mwalimu Eustakio Aliyetengeneza Njia

"Mjomba, hayo yote unamwandikia nani?" Nilimwuliza hivyo mwaka 2000, nikiwa na miaka minane, naye ameinamia kompyuta. Alinitazama, akaendelea kuandika.

Marehemu Mwalimu Eustakio alizaliwa tarehe 3 Mei 1961 hapa Chiola, Nachingwea, mtoto wa kwanza wa Mama Domitila. Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari na ualimu Mtwara. Kuanzia 1986 alifundisha hisabati Ruangwa. Mwaka 1991 alifunga ndoa na Koleta. Hawakujaliwa mtoto.

Mwaka 1997 parokia ilipata kompyuta yenye programu ya hisabati. Ilitoa jibu tu, na ndani ilikuwa imefungwa, mtu asione inavyokokotoa. Mjomba akachapisha jibu la programu hiyo, akalisahihisha kwa kalamu nyekundu: "Jibu sahihi. Njia iko wapi? Sifuri." Ndipo akaanza kuandika ya kwake, inayoonyesha kila hatua, iliyo wazi kwa yeyote kuisoma, kuirekebisha na kuigawa bure. Akaiita Njia.

Bibi akatangaza kanisani kwamba mwanawe anatengeneza njia. Basi kila akija nyumbani wazee wanamwuliza, "Mwalimu, greda linafika lini Chiola?" Anajibu, "Bado niko peke yangu, wazee wangu."

Na ilikuwa kweli. Mwaka 1999 alituma diski kwa shule tisa, na barua: "Fungueni. Mkiona kosa, sahihisheni, mwandike jina chini ya langu." Shule moja ilirudisha diski na shukrani: "Tumeitunza vizuri, haijafunguliwa." Nyingine kimya. Miaka tisa chini ya jina lake palikuwa peupe. Nikija likizo alinionyesha hapo, kama mtu anayeonyesha kiti alichomwekea mgeni.

Mwaka 2007 figo zilianza kumsumbua, na Julai 2008 akalazwa. Wiki hiyohiyo ikafika barua ya Mwalimu Scholastika wa Nachingwea, ambaye hakuwahi kumwona. Aliikuta diski kabatini, akaifungua. "Mstari wa 212, umehamisha namba upande wa pili bila kubadili alama." Kosa la kidato cha kwanza kabisa. Mjomba alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Akaniagiza nichukue karatasi za programu, niandike jina la Scholastika chini ya lake.

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2008. Ameacha mama, mjane, mdogo wake Catherine ambaye ndiye mama yangu, na wapwa watatu. Mungu ampe pumziko la amani.

Siku ile hospitalini, nilipomaliza kuandika lile jina, alisema, "Dionisia, uliniuliza zamani. Nilikuwa namwandikia huyu."