Mama Pacha na Kina cha Ardhi

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pacha.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba iliyo nyuma ya karakana ya maseremala, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1957, na mwaka 1974 akahitimu chuo kikuu, alikochunguza jinsi joto, sauti na vimiminika vinavyobadili mwenendo kutegemea vipimo tunavyohesabu, urefu pekee, urefu na upana, au vyote hivyo pamoja na kina. Wajomba walipouliza kama elimu hiyo inalika, alidondosha wino kwenye karatasi, kisha kwenye bilauri ya maji, akawaacha watazame wenyewe ulivyobaki mweusi karatasini na kufifia majini.

Alifundisha fizikia tangu 1975 hadi alipostaafu 2009, na tarehe 7 Agosti 1976 aliolewa na afisa afya wa mji, wakajaliwa pacha, wa kike na wa kiume, mwaka 1978.

Juni 1991 tangi la kiwanda cha rangi lilivuja, na mumewe akaagizwa kufunga visima na kuhamisha mtaa mzima wa bondeni, maana hesabu zilionyesha sumu itavifikia ikiwa bado kali. Mama aliiona michoro mezani, akagundua kuwa wamehesabu urefu na upana tu, akamwambia, "Baba Pacha, ardhi si shuka, ina kina, sumu ikizama inatawanyika, inapungua nguvu." Mzee akajibu, "Na ukikosea, mke wangu, tutazika watoto wa nani?" Swali hilo lilimkosesha mama usingizi, akaomba visima vifungwe kwa muda, yachimbwe mashimo ya kupimia kabla ya mtu yeyote kuhamishwa.

Majibu yalipotoka maji yalikuwa salama, na mzee akaja mbio hadi darasani, kofia mkononi, akabaki kucheka tu, naye mama akaketi na chaki yake, akalia mbele ya wanafunzi.

Maradhi ya mifupa yalimwanza 2022, yakamtesa kweli kweli, mpaka alasiri ya tarehe 2 Mei 2024, dawa zilipomtuliza, akamwambia mzee aliyemshika mkono, "Sasa hapaumi," akafumba macho. Tunalia, ndiyo, lakini tusidanganyane, tumeshusha pumzi pamoja naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, walimu wenzake, na majirani wa bondeni, mliofika leo kutoka katika nyumba zile zile.

Mama Pacha, umeteseka vya kutosha, pumzika kwa amani.