Isale la Bwana Afya

Kitu cha kwanza Mektrida alichokiona ndani ya Hiace ya kutoka Himo ni jani la isale lililofungwa fundo, likichungulia kwenye kikapu cha mama aliyekaa kando yake.

Mzee wa kiti cha mbele naye alikuwa ameliona. "Mama Shedrack, unakwenda kumwomba nani msamaha?"

"Bwana afya. Kwenye mkutano wa kata nilimwita jogoo wa kuazima, sasa ameniondolea meza yangu ya ndizi sokoni."

"Mtu wa Tanga yule! Atadhani umemletea mboga!"

"Isale halikataliwi, Mzee Rogath. Atafundishwa."

Abiria wakacheka mpaka stendi. Gari liliposimama, neno ambalo Mektrida alikuwa hajalitamka hata nyumbani kwao likamtoka.

"Mama, nitamweleza mimi. Ni mchumba wangu."