Kikombe cha Pili cha Mareshalo Tonutti

Tarehe 30 Septemba 2021, baada ya miaka arobaini na siku kumi na mbili za utumishi, Mareshalo Ermes Tonutti atavua sare ya karabinieri, askari wa Italia walio polisi na wanajeshi kwa pamoja, na kurudi kwao Friuli, kwenye shamba la mizabibu la marehemu baba yake. Mkewe, Loredana, anasema amesubiri vya kutosha.

Alianza kazi mwaka 1981 katika kituo cha kijijini, akisuluhisha ugomvi wa mipaka na wizi wa kuku. Alitumwa kwenye ujumbe wa amani wa kimataifa mara tano, na miaka tisa ya mwisho amefundisha hapa shuleni kwetu, Vicenza, panapofunzwa polisi wa ujumbe wa amani. Maofisa kutoka nchi nyingi wamemkuta katikati ya somo akitazama dirishani, chaki ikiwa hewani, mawazo yamekwenda mbali. Sisi tumezoea kumsubiri arudi.

Mimi, Brigadia Nicodemo Laganà, wa cheo cha chini yake, nilikuwa mwenzake wa doria nchini Bosnia mwaka 1999. Italia nzima hutucheka kwamba karabinieri hutembea wawili wawili kwa sababu mmoja anajua kusoma na mwingine kuandika. Kwetu ilikuwa kweli: yeye alisoma nyuso, mimi niliandika ripoti.

Kijiji tulichopangiwa kilikatwa na mto, kisha kikakatwa tena na vita. Upande mmoja msikiti, upande wa pili kanisa, na katikati daraja la mbao ambalo asubuhi lilipotea kabisa katika ukungu. Hata leo, nikilikumbuka, sina hakika kama nililivuka au niliota tu.

Upande wa msikiti aliishi Bi Hajrija, mjane aliyekimbia nyumba yake wakati wa vita. Kaburi la mumewe lilibaki ng'ambo, hatua mia tatu kutoka darajani, na kwa miaka saba hakuwahi kulizuru. Njia ya makaburini ilipita mlangoni kwa Bi Radojka, na upande wa kanisa hakuna aliyepinga neno la Bi Radojka.

Wanajeshi wa ujumbe walijitolea kumpeleka kwa deraya. Bi Hajrija alikataa katakata. "Siendi kumwamkia mume wangu nimefungiwa ndani ya chuma," alisema. Polisi wa kimataifa nao hawakuwa na silaha. Mawe yakianza kurushwa, wangefanya nini? Hapo ndipo ilipokuwa kazi yetu sisi tulio polisi na wanajeshi kwa pamoja: kwenda kwa miguu na kupiga hodi kwa adabu, huku kila mtu akijua kwamba tukisukumwa hatukimbii.

Mareshalo alipiga hodi miezi minne. Kila siku alikunywa kikombe kimoja cha kahawa upande huu na kimoja upande ule, na kijiji kizima kilihesabu. Kahawa yenyewe ina tope chini, adhabu tupu kwa Mwitaliano. Hatimaye Bi Radojka alikubali: Jumamosi, Bi Hajrija aje.

Alhamisi, siku mbili kabla, Mareshalo alichukuliwa na mawazo. Bi Hajrija alikuwa akisimulia jinsi mumewe alivyopiga mluzi akifyeka majani, na Mareshalo akatazama mto, akatazama, asione kikombe chake kikijazwa tena. Akakinywa. Nilimkanyaga mguu, lakini nilichelewa. Tulipofika ng'ambo habari ilikuwa imetutangulia na mlango umefungwa.

"Si umeshashiba huko?" Bi Radojka alisema dirishani. "Hapa unafuata nini? Na huyo Jumamosi asithubutu!"

Mimi nilishatoa kalamu ya ripoti. Mareshalo alivua kofia, akaketi kwenye gogo mbele ya mlango, na mvua nyembamba ikamnyeshea kwa saa tatu.

"Mama, nimekosa," alisema mwishowe. "Naomba vyangu viwili."

"Na nikikupa vitatu?"

"Basi itabidi nirudi kule nikanywe kingine, na leo sitalala."

Tulisikia kicheko, kisha komeo. Alimpa viwili, akamsimamia mpaka alipomeza na tope.

Jumamosi Bi Hajrija alivuka katikati yetu, kwa miguu yake, amenishika mkono kwa nguvu. Wanaume walisimama kwenye nyua zao. Hakuna jiwe lililorushwa. Alikaa kaburini muda ambao sikuupima. Aliporudi, Bi Radojka alikuwa njiani na kikombe.

"Kaa, Hajrija. Hiyo si miguu ya msichana tena."

Alikaa, akanywa, akajaziwa cha pili. Mareshalo akakohoa kwa wasiwasi.

"Wewe kaangalie mto wako," Bi Radojka akamwambia. "Hiki hakikuhusu."

Tukaenda kuangalia mto, na sioni haya kuandika kwamba nililia.

Tangu hapo Mareshalo amebaki na ugonjwa wa kuhesabu vikombe. Hapa shuleni hunywa kahawa moja ghorofa ya chini na moja ya juu, eti ghorofa zisije zikanuniana. Wanafunzi hucheka, kisha huandika.

Mwezi Februari ilifika barua. Mjukuu wa Bi Hajrija aliandika kwamba bibi amefariki, amezikwa ng'ambo kando ya mumewe, na kwamba watu wa pande zote mbili walibeba jeneza kuvuka daraja, bila askari hata mmoja. Mareshalo alinisomea sentensi hiyo mara mbili. Halafu akatazama dirishani, na safari hiyo nikamwacha.

Oktoba yeye na Loredana watakwenda kuzuru kaburi hilo. Bi Radojka yu hai na ameshaulizia siku.

Asante, Mareshalo, kwa miaka arobaini ya kupiga hodi. Uishi siku nyingi, zabibu zako zikubali, na Loredana akuvumilie. Na ukifika kule, ukijaziwa cha pili, kinywe tu, kaka. Hakuna anayehesabu tena.