Radi, Fundi wa Meza Iliyokuwa Ikiruka

Kitu cha kwanza ambacho binti wa mdogo wake wa pekee alikiona kwa marehemu ni ngumi. Binti huyo, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Alipelekwa karakanani akamkuta shangazi yake akiitwanga mashine kubwa ya kijivu ubavuni huku akiitukana. Kisha shangazi akageuka, akamfuta mtoto vumbi usoni kwa mkono wa koti lake. "Usiogope, mwanangu," akasema. "Bibi huyu hasikii mpaka apigwe."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mchana wa tufani iliyong'oa mabati ya nyumba yao na kuyatupa barabarani. Mkunga alimpokea chini ya meza ya chakula, pahali pekee palipokuwa pakavu. Baba yake, fundi wa vyuma, aliingia ameloa chapachapa, akasikia kichanga kikishindana na ngurumo, akauliza, "Na radi hii nayo imeingilia wapi?" Jina likamganda hadi leo.

Shuleni alikuwa hodari wa hesabu na mgumu wa nidhamu. Alipokuwa darasa la sita, mvulana mmoja alimsukuma ngazini mdogo wa pekee wa Radi, ambaye nyumbani aliitwa Mdogo tu. Radi alichukua rula ya mbao ya mwalimu, akamvunja mvulana yule pua. Baba yao alipoitwa na mwalimu mkuu, alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akauliza, "Na rula je, imepona?" Marehemu alimaliza sekondari mwaka 1974, akaenda chuo cha ufundi, na mwaka 1977 akaanza kazi katika karakana ya baba. Mdogo alimfuata baadaye.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea, ambaye awali alikuja kulalamika kwamba bawaba aliyochongewa haikai sawa. Radi alimrushia bawaba ile kichwani. Yeye akaidaka. "Mwanamke anayerusha namna hii," akasema, "afadhali awe upande wangu." Mungu akawajalia mabinti wawili.

Baba alipofariki, Radi na Mdogo waliachiwa ile mashine ya kijivu. Ni mashine ya kuchonga vyuma: kisu huzunguka juu, na meza husogeza chuma chini ya kisu. Kwa uzee wake, meza ilianza vituko. Ilikuwa ikienda, ikigoma, kisha ikiruka. Radi alifanya kazi asubuhi, akichonga vipande vidogo katikati ya meza. Hapo meza ilichezacheza, kwa hiyo aliikaza kabari, yaani kipande cha chuma kinachoibana meza kwenye reli zake. Mdogo alifanya kazi jioni, akichonga shafti, yaani vyuma vya mviringo, ndefu zilizoilazimu meza kwenda hadi mwisho wa reli. Huko meza ilikwama, kwa hiyo aliilegeza kabari ileile. Kila mmoja akaamini kwamba mwenzake anamharibia kazi.

"We Mdogo, nani kakutuma ulegeze?"

"Na wewe dada, nani kakutuma uikabe mashine koo?"

Walirushiana spana. Walirushiana makopo ya oili. Siku moja walikabana mpaka wakaangusha kabati la vifaa, na mafundi wenzao wakazoea kupita pale wameinama.

Agosti 2014 meza iligoma mwishoni mwa reli, na Mdogo akailazimisha kwa uzito wake wote. Ikaruka. Kisu kilibamiza shafti, kikapasuka, na kipande chake kikamtoboa Mdogo jicho la kushoto. Radi alipofika mbio ili amfunge kitambaa, Mdogo, uso wote damu, alimpiga ngumi ya mdomo iliyomng'oa jino. "Umenitoa jicho, dada!" Hakukanyaga tena karakana, wala hakumsalimu tena dada yake.

Mafundi walitaka kuivunja mashine kwa nyundo. Radi alisimama mbele yake na nondo mkononi, mdomo ungali unavuja damu. "Anayetaka kumuua bibi huyu aanze na mimi!" Walipotawanyika, aliichomoa skrubu ndefu inayoisukuma meza, akaisukuma meza kwa mikono mitupu. Bado ilikwama mwishoni na kucheza katikati. Kumbe skrubu haikuwa na kosa. Akapaka reli rangi ya buluu, akaiburuta meza juu yake. Kwenye ncha rangi ilikwanguka yote. Katikati ilibaki mbichi. Reli zilikuwa zimelika katikati kama kinoo cha mchinjaji, na kila mmoja wao alikuwa ameikaza au kuilegeza kabari sawasawa kabisa kwa pale aliposimama.

Radi aliipiga sakafu kwa ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Kisha akaenda nyumbani kwa Mdogo, akagonga mlango kwa teke. "Mdogo! Ulikuwa sahihi! Na mimi nilikuwa sahihi, mjinga wewe! Fungua!" Jibu lilikuwa kiti, kilichopita dirishani pamoja na vioo vyake.

Tangu hapo, kila alipopata nafasi, alizikwangua ncha za reli kwa mkono ili zishuke zilingane na katikati. Alimaliza mwaka jana, mapafu yakiwa tayari yameanza kumtesa. Akakataza mtu yeyote kuiwasha mashine kabla ya Mdogo.

Hospitalini alipigana na wauguzi na kung'oa mirija. Hatimaye Mdogo alikuja, akasimama mlangoni.

"Umekuja kunipiga tena?"

"Ukipona."

"Nenda kaisukume ile meza."

"Siendi, dada."

Alimrushia kikombe. Hakikufika nusu ya njia. Mdogo alikiokota, akaketi kitandani, akamshika mkono, na hivyo ndivyo walivyokutwa marehemu alipofariki, tarehe 2 Februari 2025.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu, na Mdogo. Mwenyezi Mungu ampe pumziko ambalo mikono yake haikuwahi kulikubali.

Leo asubuhi Mdogo ameomba ufunguo wa karakana. Shafti ndefu imeshafungwa mezani. Tukitoka hapa makaburini, nyote mnakaribishwa kwenda kumwona akiiwasha mashine.