Fundi Nzomo, Aliyekataa Themostati ya Sabini na Moja

Mzee Nzomo Mbithi, ambaye kila mtu hapa humwita Fundi, amefanya kazi kwenye yadi ya mradi wetu wa maji, Kanyangi, kwa miaka thelathini na mmoja. Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, anastaafu. Kamati imeniomba nimwandikie ukurasa wa kuwekwa kwenye programu ya sherehe, kwa sababu mimi ndiye nimempikia chai miaka kumi na tisa kati ya hiyo. Waliniambia niandike ya kufurahisha. Nitayaandika, yako mengi. Lakini nimekasirika, na huyu mzee siwezi kumwandika vizuri nikiificha hiyo hasira.

Fundi aliingia hapa mwaka wa 1994 kuchimba mtaro wa bomba. Mtaro ulipoisha wenzake walienda nyumbani. Yeye akabaki amesimama kando ya lori, akimwangalia fundi wa wakati huo akipigana na klachi. Akaambiwa ashike tochi. Mwaka uliofuata alikuwa anashika spana, na yule mwingine ndiye anashika tochi.

Akiwa chini ya lori huimba nyimbo za kanisa polepole. Ukisikia wimbo umekatika katikati, jua kuna bolti imevunjika. Chapati haigusi kabla hajanawa mara tatu, na ya nne ukimwangalia. Amefundisha madereva sita. Wa sita ni binti yangu Nthenya, mwanamke wa kwanza kuendesha lori la mradi. Siku yake ya kwanza watu wa soko walitoka madukani kumtazama. Mmoja akasema, "Huyo atatumwagia maji yote!" Fundi akamjibu, "Ukishikwa na kiu utamjua jina."

Sasa nifike kwenye hasira.

Mwezi wa pili mwaka huu Fundi alikuwa likizo, ameenda Matiliku kumuuguza dada yake. Lori letu ni la dizeli na ni la zamani, limepita miaka thelathini. Mshale wa joto ukaanza kupanda kidogo. Mwenyekiti wetu, Bwana Mwau, hakumngoja Fundi. Aliita mtu kutoka sokoni, na huyo mtu akatoa themostati, yaani ule mlango mdogo ulio ndani ya injini unaoamua maji yapite wapi. Akaitupa pale langoni. Hakuweka ingine. Mimi nilikuwa nafagia, nikasikia kwa masikio yangu.

"Hiki ni kitu cha nchi za theluji," yule mtu wa sokoni alisema. "Huku Ukambani kinaleta joto bure."

"Na miaka hii yote Nzomo anakibembeleza!" Mwenyekiti akacheka.

Wiki hiyo hiyo Nthenya akapanda mlima wa Kwa Nduku akiwa amebeba maji ya shule. Injini ikachemka. Akazima, lakini gaskiti ya kichwa cha injini ilikuwa imeshaungua. Alikaa kando ya barabara toka saa nne hadi saa tisa. Wiki tatu hakukuwa na maji, na sisi kina mama tukarudi kuchimba mchanga mtoni kutafuta maji. Kamati ikafanya nini? Ikamwandikia Nthenya barua kwamba hakuangalia mshale, na injini ikichemka tena, kazi yake imeisha. Mtoto wangu ana watoto wawili. Tangu barua hiyo, lori likitoka langoni moyo wangu unaenda nalo, na haurudi mpaka lirudi.

Fundi aliporudi alifungua injini na wimbo ukakatika. Alinieleza hivi, na mimi niliyeishia darasa la nne nilielewa. Maji yana njia mbili: fupi, inayozunguka hapo hapo kwenye injini, na ndefu, inayoenda mbele kwenye radieta kupoa. Injini ikipata joto, themostati inafungua ile ndefu na kufunga ile fupi. Ukiitoa, ile fupi inabaki wazi, maji mengi yanapita hapo na hayapoi. Mlimani na mzigo, lazima yachemke.

"Mwaitu, wewe ndiye unafagia," akaniambia, akiniita mama kwa Kikamba. "Hukuiona?"

Nilikuwa nimeiokota nikaiweka kwenye mkebe wa vifungo. Ilikuwa imekufa, springi imeoza kwa kutu, na hiyo ndiyo ilikuwa inapandisha mshale tangu mwanzo. Lakini namba yake ilisomeka, 82, yaani digrii za joto inapofunguka, na chini ilikuwa na kile kisahani kinachoziba njia fupi. Fundi aliifuta kwa shati lake.

Kumbe kamati ilikuwa imeshanunua ingine. Namba 71, na chini haina kisahani.

"Inaingia au haiingii?" Mwenyekiti aliuliza.

"Inaingia."

"Basi weka."

"Hata kifuniko cha chupa kingeingia," Fundi alisema.

Mwenyekiti akasema sabini na moja si inafunguka mapema, si ndiyo itapoza zaidi? Fundi akamwambia dizeli ikikaa baridi siku nzima inakula mafuta na kutoa moshi, na bila kisahani njia fupi haitafungwa kamwe. "Utamchemshia Nthenya tena, halafu umfukuze kwa barua yako." Akaambiwa amezeeka, anaogopa kitu kidogo kama kikombe. Mzee wa miaka hamsini na tisa, mbele ya watu! Fundi akaweka ile mbovu mfukoni akaenda kutafuta inayofanana nayo.

Soko la Tawa hakupata. Mji wa Wote hakupata. Kitui mjini, kwa Hemedi muuza spea, akamwagiwa themostati mezani. "Zote nzima, mzee wangu. Chukua ikupendezayo."

"Sinunui shati," Fundi akasema. Akasimamisha ile kuukuu kando ya kila moja, akipima upana, urefu na kisahani, mpaka Hemedi akaenda kuswali na kurudi akamkuta bado anapima. Moja tu ililingana: 82.

Hata hiyo hakuiamini. Alichukua sufuria yangu ya uji bila kuuliza, akabandika maji jikoni, akaining'iniza ile themostati ndani yake kwa waya isiguse chini, na kipimajoto cha muuza maziwa kando. Ningemgombeza, lakini nilisimama pale kama ninayengoja mjukuu azaliwe. Themanini ilikuwa imefunga. Themanini na mbili ikaanza kufunguka.

Alipobadilisha gaskiti na kuifunga themostati kwenye injini, alimwita Mwenyekiti akae katikati, yeye dirishani, Nthenya kwenye usukani. Tangi limejaa, saa saba ya mchana, mlima wa Kwa Nduku. Mshale ulifika katikati ukasimama hapo. Juu kabisa Mwenyekiti akasema, "Leo kulikuwa na upepo."

Nthenya akamwambia, "Basi tushuke, mwenyekiti, tuungoje uishe turudie."

Huo ulikuwa mwezi wa tatu. Injini haijachemka tena hata siku moja. Lakini ile barua ilibaki kwenye faili.

Kamati ilipomuuliza Fundi anataka zawadi gani ya kustaafu, mbuzi au blanketi, alisema mbuzi anao. Anataka ile barua. Walibishana naye wiki mbili nzima! Jumanne iliyopita walimpa, wote wametia sahihi kwamba imefutwa, na yeye akaenda moja kwa moja akampa Nthenya mkononi.

Mpaka leo hakuna mwanakamati aliyemwambia binti yangu pole. Bwana Mwau, Ijumaa utasimama kusema. Anza na hilo, kisha umsifu mzee.

Fundi Nzomo, asante kwa mikono yako, na kwa ukaidi wako. Mungu akupe miaka mingi ya afya, na shamba lako la Kwa Nduku likupe ndengu mpaka ukose magunia. Ukisikia lori linapanda hapo nje, maliza chai yako. Nthenya ndiye anaendesha.